Wanawake Wanne Wenye Damu ya Mchele

Kasongo, Jumapili, alasiri. Mvua inauzunguka mji tangu asubuhi kama mgeni aliyesahau mlango wa mwenyeji wake. Joto limelala juu ya bati la dispanseri na halitaki kuamka.

Siwezi kukaa. Nimekalia kiti mara tatu, na mara tatu nimejikuta dirishani nikiangalia upande wa nyumba ya Dokta. Basi naandika nimesimama, daftari juu ya kasha la bendeji. Naandika ili miguu isiende. Nikiacha kuandika kabla ya giza, nitatoka hapa, nitavuka uwanja, nitapanda ile baraza tena, na nitasema neno ambalo litamfunga mtu.

Nianze na jambo lenyewe, maana nikilizunguka nitaishia kueleza habari za mawingu.

Kesho alfajiri Dokta anapanda kamio, lile lori la mizigo, kwenda Kindu, na kutoka huko anaendelea. Katika mkoba wake kutakuwa na karatasi za mwanafunzi mmoja. Shule yetu ya wasaidizi wa madaktari imefungua mwaka huu mlango ambao haujawahi kufunguliwa: kila daktari anayesimamia wanafunzi walio stajini, yaani katika mazoezi ya kazi, apeleke kazi moja ya utafiti, na mwenye kazi bora ataitwa Léopoldville, akae mwaka mzima katika laboratwari, na mikroskopi iliyo yake peke yake. Hapa Kasongo tuko wanafunzi wawili, mimi na Fidèle. Kwa hiyo ni mimi au Fidèle.

Hadi leo saa sita mchana ilikuwa mimi.

Sisi wanafunzi tumezoea kufundishwa majibu. Unaulizwa swali, na anayekuuliza ameshika jibu mgongoni kama fimbo. Utafiti ni kitu kingine. Utafiti ni Mzungu kukuuliza jambo ambalo yeye mwenyewe halijui, kisha akanyamaza akikusubiri. Jambo hilo nimelishuhudia mara moja maishani. Ilikuwa Alhamisi iliyopita.

Mimi ni mtu wa Kabambare. Mikroskopi sikufundishwa, niliifuta. Miaka miwili kabla ya shule nilikuwa mfagizi wa dispanseri ya misheni, na kazi yangu ya mwisho kila siku ilikuwa kupangusa ile lenzi kwa kitambaa laini. Nikishapangusa, lazima nihakikishe kama imesafika, sivyo? Nikahakikisha kwa miaka miwili. Kulikuwa na kitabu pia, lakini kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa, kwa hiyo hadi leo sijui vizuri mikroskopi inaanzaje. Najua tu inavyoendelea.

Nayasema haya kwa sababu nimejisifu sana kwa macho yangu. Fidèle ana kumbukumbu, mimi nina macho. Nilimwambia hivyo mwenyewe, mbele ya watu, na sasa nalazimika kuyala maneno yale bila chumvi.

Jumanne na Jumatano tuliwapima watu wa mjini ugonjwa wa usingizi, ule malale. Kazi yenyewe inaendeshwa hivi. Kalaki anakaa mezani na kitabu cha majina. Anaita jina, mtu anajibu "Iko," anasogea. Papa Salumu, muuguzi wetu mzee aliyezaliwa hapa hapa mjini, anamshika shingo kutafuta tezi zilizovimba. Shingo ikiwa na tezi, inachomwa sindano, na maji yake yanatazamwa. Shingo ikiwa safi, mtu anasogea kwangu, nami namchoma kidole kwa ajili ya utafiti wangu wa damu. Kisha anasogea kwa Fidèle, ambaye utafiti wake ni kuhesabu funza wa miguuni.

Hivyo mwili wa mtu wa Kasongo uligawanywa kwa siku mbili. Shingo ilikuwa ya Papa Salumu, kidole kilikuwa changu, mguu ulikuwa wa Fidèle.

Uso haukuwa wa yeyote kati yetu.

Alhamisi nikakaa dirishani na vioo vyangu vyenye matone ya damu. Chembe za damu ya mtu ni za mviringo, kila mwanafunzi anajua, hata mfagizi anajua. Nikafika kwenye kioo kimoja, nikakuta chembe ndefu, zimechongoka pande mbili kama punje za mchele. Nikafikiri ni uchafu. Nikachukua kioo kingine, salama. Baadaye kidogo, mchele tena. Jioni nilikuwa na vioo vinne vya mchele kati ya rundo zima, nikafungua kitabu cha majina. Majina yote manne yalikuwa ya nyumba moja: Zaina, Mariamu, Hawa na Asumini, wake wanne wa Mzee Ramazani, yule mwenye duka la chumvi na vitambaa karibu na msikiti.

Wake, nasema. Si madada. Papa Salumu alinieleza mwenyewe kila mmoja alikotolewa: wa kwanza ni wa hapa Kasongo, wa pili wa Nyangwe, wa tatu wa kwetu Kabambare, na Asumini, mdogo kuliko wote, ametoka ng'ambo ya Lualaba. Alinieleza akiangalia kando, na mimi nikafikiri anaangalia kando kwa sababu ya adabu.

Dokta aliinama juu ya mikroskopi muda mrefu. Alipoinuka alisema kwamba damu ya namna hii imewahi kuonekana, lakini hurithiwa, baba kwa mwana. Wanawake hawa hawana baba mmoja wala babu mmoja. Wanachochangia ni paa, kisima, chungu na mume.

"Sasa imetoka wapi?" akaniuliza.

Akanyamaza. Akasubiri. Mimi. Mwana wa mfagio.

Tangu hapo nimeandika kurasa nane. Niliandika juu ya maji ya kisima. Niliandika juu ya sufuria ya shaba. Niliandika, Mungu anisamehe, kwamba labda ni mchele wenyewe, kwamba watu wanaokula mpunga wa udongo fulani huanza kufanana nao ndani ya mishipa. Nilichora ramani ya ua wa Mzee Ramazani, ua ambao sijawahi kukanyaga. Kisima nilikichora mashariki. Hata kuku niliwachora.

Dokta alizisoma Jumamosi. Akazitia mkobani, akaomba kitu kimoja tu kabla ya safari: damu ya pili ya wanawake hao wanne, na chupa ya maji yao.

Basi leo, swala ya adhuhuri ilipokwisha, nikachukua kisanduku changu na kwenda.

Kisima kiko magharibi. Hilo ndilo la kwanza.

Mama Zaina alikuwa peke yake uani, anapepeta mchele kwa ungo. Ni mwanamke wa makamo, mpana, mwenye macho ya mtu aliyewahi kuuza vitu sokoni akajua nani atanunua na nani anashika-shika tu. Nikapiga hodi, akanikaribisha, akauliza habari za Kabambare kana kwamba nimetoka huko asubuhi. Nikamweleza kwa heshima zangu zote kwamba Dokta anaomba damu tena kidogo, ya wake wote wanne.

Akaweka ungo chini. Akajipangusa mkono wa kushoto kwa kanga, akaunyoosha mbele yangu.

"Haya," akasema. "Tuanze na jina gani?"

Nikautazama ule mkono. Kidole cha shahada kilikuwa na doa dogo jeusi. Cha kati nacho. Cha pete nacho. Cha mwisho nacho. Sindano yangu ni butu kidogo na huacha alama ya upande. Naujua mwandiko wake kama ninavyoujua huu wangu. Alama nne, mwandishi mmoja.

Nikazihesabu tena, kutoka mwisho kwenda mwanzo.

"Mama," nikasema mwishowe, "wale wengine iko wapi?"

"Iko shambani, kwenye mupunga. Tangu wiki ya juzi. Ndege wamekuja wengi." Akaniangalia kama anayemfundisha mtu kufunga kamba za viatu. "Moniteri wa kilimo alisema, ndege wakikula ule mupunga wa serikali, bwana yetu atafungwa. Kalaki wenu naye akasema, jina likiitwa na mutu asipoitika, bwana yetu atafungwa. Sasa bwana iko mumoja, mutoto wangu. Nikaona kuitika ni kazi nyepesi kuliko kufukuza ndege."

"Ukaitika mara ine."

"Mara mbili Jumanne, mara mbili Jumatano. Nilibadilisha kitambaa."

"Lakini damu, Mama. Damu ni ya mutu na mutu."

"Yangu ilikuwa mubaya?" Alichukia kidogo, nadhani. "Katika nyumba hii jina halibaki hewani peke yake. Aliye karibu anaitika. Hata mama yangu alifanya vile, wakati wa kuita watu wa mizigo. Weye hukuuliza uso, uliuliza kidole. Nikakupa kidole."

Nikamuuliza kuhusu Papa Salumu. Yule mzee alishika shingo ile ile mara nne, na ni jirani yake, nyumba zao zinapakana.

"Salumu? Mara ya tatu aliniuliza kama shingo yangu haijachoka."

Nilicheka. Naandika hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kilikuwa kicheko changu cha mwisho leo. Nilicheka hadi nikalazimika kukaa juu ya kinu. Kurasa nane. Sufuria ya shaba. Wale kuku. Nilikuwa nimegundua kwamba mwanamke mmoja anafanana na yeye mwenyewe.

Ndipo nikasikia mtu anakoroma barazani, nyuma ya mkeka uliotundikwa.

"Nani huyo?"

"Asumini. Tumemurudisha Alhamisi. Hafai kwa ndege." Mama Zaina akaendelea kupepeta. "Anapanda kule juu kwenye ulingo na teo yake mukononi, analala. Ndege wamekula pembe nzima, yeye iko analala katikati yao. Mwenzetu Hawa anamuita Bibi Mto, mto wa kulalia. Bwana amekasirika, anasema ameoa godoro. Na usiku sasa, haoni usingizi. Anatembea uani, anatembea, anaongea na kisima. Tunamwambia, dada, ugeuze basi, ulale usiku kama watu."

Aliyasema kwa mzaha na kwa huruma, vyote pamoja, kama tunavyowasema wadogo zetu wavivu. Na mimi nikainuka juu ya kinu.

Kwa sababu hayo maneno ninayo. Niliyanakili kwa wino shuleni na kuyapigia mstari: mchana analala, usiku anatangatanga.

Nikaomba ruhusa. Mama Zaina akamwamsha, na haikuwa kazi ya mara moja. Ni msichana tu, sijui kama ametimiza miaka ishirini, uso umevimba kidogo, macho kama ya mtu anayesikiliza wimbo wa mbali. Nilimshika shingo kwa nyuma. Sikuhitaji kutafuta. Tezi zilikuwa pale chini ya ngozi, kama kunde zilizopangwa.

Nikafungua kisanduku, nikatazama nakala ya kitabu. Imeandikwa kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: Asumini, mke wa Ramazani, shingo safi.

Alikuwa mzima kwa shingo ya mwenzake.

Nilimchoma tezi, nikaweka tone kwenye kioo, nikafunika, nikaondoka. Sikukimbia. Mtu wa dispanseri akikimbia mjini, milango inafungwa mbele yake mtaa mzima. Nilitembea kwa haraka ya mtu aliyesahau kitu jikoni. Na huku juu mawingu yakaanza kufunga, maana mikroskopi yetu haina taa. Inakunywa mwanga wa dirisha kwa kioo chake kidogo, na bila jua ni chuma tu.

Nikakaa dirishani nikingojea tundu angani. Tone likikauka ni bure. Sijawahi kuliomba jua hivyo, na mimi nimelima karanga.

Likatoka. Labda kwa muda wa kunywa kikombe cha maji. Nikaweka jicho, na nikaona chembe moja inatikisika kana kwamba kuna mtu nyuma yake anayetaka kupita. Kisha kikapita: kijidudu cha malale, chembamba, kinajikunja, kinajikunjua, kina haraka zake. Nyuma yake kingine. Nikatoa jicho. Nikalirudisha. Wingu likafunga.

Hapo ndipo Jumapili yangu iliharibika kabisa.

Nikisema kweli yote, hivi ndivyo itakavyokuwa. Mzee Ramazani anaingia lile gereza dogo nyuma ya ofisi ya serikali ya teritwari kwa kuudanganya upimaji. Mama Zaina anaitwa kueleza vidole vyake mbele ya watu ambao hawacheki. Papa Salumu, aliyebakiza muda mfupi apumzike, anafukuzwa kwa shingo aliyoijua akainyamazia. Na mimi ninabaki na heshima ya mtu msema kweli, ambayo hailiwi na mtu mwingine ila mwenyewe.

Nikinyamaza, Asumini anaendelea kulala. Watamcheka hadi siku hawataweza kumwamsha.

Na mimi niko Léopoldville, na koti jeupe.

Nikiri. Kulikuwa na njia ya tatu, na niliipenda sana. Ningeziacha kurasa zangu nane mkobani, na damu ya Mama Zaina ningeipeleka kwa majina manne tena. Dokta angeondoka nazo alfajiri. Keshokutwa ningemleta Asumini kama mgonjwa mpya, bahati mbaya, mambo ya dunia. Niliikalia njia hiyo kwa muda unaonitia aibu. Nilifika hadi kufikiri nitavaa viatu gani siku ya safari.

Ilikuwa na kasoro moja. Dawa ya malale iko katika kabati la Dokta, na ufunguo unasafiri na Dokta. Hatarudi kabla ya mwezi kupita. Na msichana tayari anaongea na kisima.

Kwa hiyo nikavaa viatu vile vile kwenda barazani kwa Dokta. Alikuwa katikati ya masanduku, anafunga vitabu kwa kamba. Nilimpa nusu ukurasa. Nilikuwa nimeandika kwamba vioo vinne vya nyumba ya Ramazani ni kosa langu: nilichukua damu ya mtu mmoja, nikaigawanya katika vioo vinne kwa uzembe, nikaviandika majina manne. Kwamba na orodha ya shingo niliinakili kwa pupa, nikairudia "safi" mstari kwa mstari bila kutazama. Kwamba wanawake wote wanne inabidi wapimwe upya. Kwamba mmoja tayari nimempima, na kioo chake hiki hapa, na dawa tunaihitaji leo.

Alisoma mara mbili. Kifaransa changu ni kizuri zaidi ninapodanganya, nimegundua.

"Wewe," akasema, "uliigawanya damu ya mtu mmoja mara nne?"

"Ndiyo, Dokta."

"Hili ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza."

"Ndiyo, Dokta."

"Mwaka wa kwanza, mwezi wa kwanza."

Sikuona sababu ya kubishana juu ya wiki.

Akaikunja karatasi. Sijui anajua nini. Amekaa Kasongo miaka mingi, na mtu hawezi kukaa hapa miaka mingi bila kujifunza kwamba jina na mtu si lazima waje pamoja. Nilisubiri aniulize. Kama angeniuliza sawasawa, sijui ningejibu nini, na hicho ndicho kinachonizungusha humu chumbani hadi sasa. Badala yake akachukua zile kurasa nane kutoka mkobani, akanirudishia. Akafungua kabati, akahesabu chupa za dawa, akaziweka mezani pamoja na ufunguo wa akiba, na kunieleza namna ya kumdunga, siku kwa siku.

Nilipofika kwenye ngazi akaniita.

"Ile damu ya mchele. Kwa hiyo ni ya mmoja tu kati yao. Yupi?"

"Itabidi nitafute, Dokta."

"Basi tafuta," akasema, na akarudi kwenye kamba zake.

Karatasi za Fidèle ndizo zinazokwenda. Funza wake watasafiri mkobani hadi Kindu na kuendelea. Nilitaka kuandika hapa neno kali juu yao, na nimelitafuta, lakini haki ni haki: funza wa Fidèle ni wa kweli, kila mmoja ana mguu wake. Isipokuwa miguu ya nyumba ya Ramazani, ambayo ni minane katika orodha yake na miwili duniani. Hilo sikumwambia. Aliniona naingia, akanipa pole kwa sauti ya mtu anayekunja shati lake zuri. Namsikia sasa upande wa pili wa ukuta, anapiga brashi viatu. Amevipiga tangu nianze kuandika. Vitaisha kabla hajaitwa.

Papa Salumu naye alipita mlangoni. Nadhani alikuwa amesikia. Alisimama, akatazama kasha la bendeji, akatazama kurasa nane nilizozitupa sakafuni.

"Ninyi vijana siku hizi munaandika sana," akasema.

"Papa, ungeniambia."

"Ungeuliza." Kisha akainama, kwa magoti yake yale, akaziokota karatasi, akazipanga. "Nyuma hazijaandikwa. Kwa nini kutupa?"

Asumini yuko wadi ya wanawake tangu alasiri ilipoanza. Amedungwa mara ya kwanza, amelala, na safari hii usingizi wake una jina. Katika kitabu nimefuta "shingo safi" kwa mistari miwili, na pembeni nimetia sahihi yangu kwamba kosa ni langu. Sahihi imetoka nzuri. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa ajili ya karatasi nyingine.

Mariamu na Hawa watapimwa wakishavuna. Nimemtumia Mama Zaina habari hiyo, na akaja mwenyewe na bakuli la wali lililofunikwa, akaliweka juu ya kasha hili hili. Alikuwa ametoka kumwona Asumini. Kanga yake ilikuwa imelowa upande mmoja, na mvua bado haijanyesha.

Hakunishukuru. Alikaa, akatazama mikroskopi kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani.

"Wanasema safari yako imekufa," akasema.

"Imelala tu, Mama."

Kisha akanyoosha ule mkono wa kushoto, vidole vinne amevikunja ndani.

"Kidole gumba kilibaki," akasema. "Hicho sikuitikia mutu. Hicho ni cha Zaina."

Nilimchoma. Kulikuwa na jua kidogo lililosalia, la manjano, la upande. Punje za mchele zilikuwa pale, kama Alhamisi, nzuri vile vile. Nikamwachia naye atazame. Alifumba jicho lile lile la kutazamia, nikamwelekeza, akaona.

"Hizi ni zangu?"

"Zako."

"Na si ugonjwa?"

"Unaumwa?"

"Mugongo. Lakini mugongo ni wa kupepeta."

Nikamuuliza kama ana watoto. Ana binti mmoja, ameolewa kwetu Kabambare, na binti ana wana watatu. Damu ya namna hii hurithiwa, alisema Dokta. Sijui hurithiwa vipi, kwa nani, kwa nini hawa si wale. Dokta naye hajui. Nilisikia swali lile lile la Alhamisi linaingia tena chumbani, bila Mzungu safari hii, likasimama na kunisubiri.

"Wakija kukutembelea," nikamwambia, "waje hapa. Lakini waje wenyewe, Mama. Kila mutu na kidole chake."

Akafunga kanga vizuri, akasimama.

"Watakuja," akasema. "Kama hakuna ndege."

Ameondoka. Wali umepoa nusu, na nimeula nimesimama. Mvua imepata mlango wake mwishowe, inaanza kugonga bati upande wa wadi, moja moja. Nyumba ya Dokta haionekani tena vizuri kutoka dirishani, na hilo linanisaidia. Viatu vya Fidèle vimenyamaza.

Nimegeuza ukurasa wa kwanza wa zile nane. Nyuma ni peupe kweli. Nimeandika juu kabisa: Zaina. Chini yake nimeandika: mmoja. Kisha nikaacha nafasi kubwa.

Sasa nimekaa.